Ugiriki, Roma na Magharibi: nani alirithi nini, na kwa njia gani?

Mjadala wa siasa ukipamba moto mitandaoni, haupiti muda kabla mtu hajaitaja Ugiriki ya kale. Mmoja atasema demokrasia ni mali ya Wazungu, waliirithi kwa Wagiriki, sisi tunaazima tu. Mwingine atamjibu kwamba Wagiriki wenyewe waliiba kila kitu Misri. Wa tatu atabandika picha ya sanamu nyeupe ya marumaru na kutangaza kuwa huo ndio ustaarabu wa Magharibi, basi, mjadala umefungwa. Mwaka 2023 hata TikTok iliingia, wanawake wakiwauliza waume zao huwaza mara ngapi kuhusu Dola ya Roma, na majibu yakawaacha midomo wazi. Maneno ni mengi, lakini swali lenyewe hubaki palepale: Wagiriki na Warumi waliwaachia nini hasa watu wa Magharibi, na kiliwafikiaje?

Tuanze na majina, maana fujo nyingi huanzia hapo. Ugiriki ya kale haikuwa nchi. Ilikuwa mamia ya miji, kila mmoja na serikali yake, sheria zake na jeshi lake, iliyotapakaa kuanzia pwani za Hispania hadi Bahari Nyeusi na kushuka mpaka Libya ya leo. Kilichowaunganisha watu wake ni lugha, miungu na mashindano kama yale ya Olympia. Athens na Sparta ni miji miwili tu kati ya hiyo, na ilikuwa haipikiki chungu kimoja. Roma nayo ilianza kama mji wa Italia, ikawa jamhuri (mapokeo yanataja mwaka 509 KK, yaani Kabla ya Kristo), kisha ikawa dola iliyoizunguka Bahari ya Kati pande zote.

Na Magharibi? Hilo ndilo jina changa kuliko yote. Hakuna Mgiriki wala Mrumi aliyejiita mtu wa Magharibi kwa maana tunayoitumia leo. Mtu wa Athens aliwajua Wamisri na Waajemi, alifanya nao biashara, alipigana nao, alibishana kuhusu miungu yao. Watu wa Uingereza ya wakati huo kwake walikuwa uvumi tu wa mbali. Dola ya Roma nayo haikuwa dola ya Ulaya, ilikuwa dola ya bahari. Eratosthenes, aliyekadiria mzunguko wa dunia kwa kupima vivuli, alizaliwa Kirene, Libya ya sasa. Kaisari Septimius Severus, aliyetawala kuanzia mwaka 193 hadi 211, alitoka Leptis Magna, pia Libya, na alifia York, Uingereza. Agostino, ambaye Kanisa la Magharibi haliwezi kuelezwa bila yeye, alizaliwa na kufa katika nchi ambayo leo ni Algeria.

Ili kuelewa urithi huu ulivyosafiri, fikiria mirathi ya mzee. Kuna mali ambayo haikuwahi kutoka mikononi mwa familia: nyumba ambayo watoto wanalala humo tangu enzi zake. Kuna mali iliyobaki kwa jirani, familia ikaisahau, jirani akaitunza na hata kuiendeleza kabla haijarudi. Halafu kuna mjukuu aliyezaliwa mzee akiwa ameshazikwa. Hakumwona hata siku moja, lakini anajiita kwa jina lake, anavaa kofia kama ile ya kwenye picha, na anasimulia habari zake kana kwamba alikuwepo. Magharibi ilirithi kwa njia zote tatu, na ubishi mwingi mitandaoni unatokana na watu kuzichanganya.

Kisichowahi kukatika

Mrithi wa kwanza ni Kanisa. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya masoko na barua upande wa mashariki wa Bahari ya Kati. Kaisari Konstantino aliuruhusu Ukristo mwaka 313, na mwaka 380 Kaisari Theodosius akaufanya dini ya dola. Tangu hapo Kanisa lilikua ndani ya mifupa ya serikali. Dayosisi, kwa mfano, ilikuwa kitengo cha utawala wa Kirumi kabla ya kuwa eneo la askofu. Serikali ya Roma ilipoanguka upande wa magharibi katika karne ya 5, maaskofu walibaki. Wao ndio waliojua kusoma, kutunza hesabu na kuandika barua, na waliyafanya hayo kwa Kilatini. Lugha hiyo haikuondoka kanisani: wazee Wakatoliki wa Tabora au Kisumu waliokuwa watoto miaka ya 1950 waliitikia misa kwa Kilatini, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) haujafungua mlango kwa lugha za wenyeji.

Kalenda ni mfano mwingine, na huu unauona kila ukifungua simu. Kabla ya Julius Caesar (ambaye Watanzania wengi walimfahamu kwanza kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare), mwaka wa Kirumi ulikuwa na siku 355, na makuhani ndio waliokuwa na mamlaka ya kuongeza mwezi wa ziada ili majira yasipotee. Tatizo ni kwamba makuhani hao walikuwa wanasiasa. Rafiki yao akiwa madarakani, mwaka unaweza kurefushwa. Akiwa adui, unaachwa mfupi. Kufikia mwaka 46 KK kalenda ilikuwa imeachana na jua kiasi kwamba Caesar alilazimika kuurefusha mwaka ule hadi siku 445. Kisha akaanza upya, siku 365 na siku moja ya nyongeza kila mwaka wa nne. Hesabu si zake. Mshauri wake alikuwa Sosigenes, mwanafalaki wa Aleksandria, na mwaka wa siku 365 Wamisri walikuwa nao tangu kale. Caesar alipata mwezi wa Julai, Augustus aliyemfuata akapata Agosti.

Mwaka wa Caesar ulizidi ule wa jua kwa dakika kama 11. Dakika hizo zilijikusanya karne kwa karne, hadi mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaamuru kwamba Oktoba 4 ifuatwe na Oktoba 15. Nchi za Kiprotestanti ziligoma kumfuata Papa hata kwenye tarehe. Uingereza ilikubali mwaka 1752, Urusi mwaka 1918, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalikuwa yakisherehekewa Novemba.

Kinyozi, mpira na wembe

Ukiniuliza mimi, urithi mzito kuliko wote si demokrasia wala falsafa. Ni sheria, na hasa namna ya kufikiri kisheria.

Kwa mapokeo, mnamo mwaka 450 KK watu wa kawaida wa Roma walishinikiza mpaka sheria zikaandikwa kwenye mbao kumi na mbili na kuwekwa hadharani. Kabla ya hapo sheria ilikuwa kichwani mwa wakubwa, na wakubwa walikumbuka walichotaka kukumbuka. Baadaye likatokea kundi la wanasheria ambao hawakuwa majaji. Walikuwa wasomi wenye uwezo wao, watu wanawaletea visa, wao wanatoa maoni, na maoni hayo yanaandikwa, yanapingwa, yanarekebishwa, kwa karne kadhaa. Mwaka 533 Kaisari Justinian, akiwa Konstantinopoli, alitangaza mkusanyo wa maoni hayo uitwao Digesta. Alijisifu kwamba vitabu karibu 2,000 vilisomwa na kuchujwa hadi vikabaki 50.

Ndani ya kitabu cha tisa kuna kisa cha kinyozi. Kinyozi ameweka kiti chake mahali pa wazi, anamnyoa mtumwa. Jirani hapo watu wanacheza mpira. Mmoja anaupiga kwa nguvu, unamgonga kinyozi mkononi, wembe unateleza, koo la mtumwa linakatika, anakufa. Nani amlipe fidia bwana wa mtumwa? Mwanasheria Mela anasema ni yule kati yao atakayeonekana na kosa. Proculus anasema kosa ni la kinyozi. Ulpian anaongeza: kweli, kama alinyolea mahali ambapo watu wamezoea kucheza au penye pitapita nyingi, hapo ana kosa. Lakini mtu anayejikabidhi kwa kinyozi aliyeweka kiti pabaya naye ajilaumu mwenyewe.

Tazama kinachotokea hapo. Hakuna mungu aliyetajwa, hakuna anayeuliza kinyozi ni wa ukoo gani. Swali ni moja: nani alizembea, na je, aliyeumia alichangia? Wakili anayesimamia kesi ya ajali ya basi leo anauliza maswali hayohayo. Na tazama pia kile ambacho wanasheria wale hawakukiuliza hata kidogo: kwa nini fidia ya mtu aliyekufa inakwenda kwa mtu aliyemmiliki. Kwao mtumwa alikuwa mali, kama ng'ombe. Ukichukua urithi huu, umechukua na hilo.

Sasa, Digesta nusura ipotee. Upande wa magharibi haikusomwa kwa karne nyingi. Nakala moja ya karne ya 6 ilikuwa ikihifadhiwa Pisa, hadi Firenze ilipoiteka Pisa mwaka 1406 na kuichukua. Ipo Firenze hadi leo. Mwishoni mwa karne ya 11 walimu wa Bologna walianza kuifundisha upya, mstari kwa mstari, na wanafunzi wakamiminika kutoka Ulaya nzima. Chuo kikuu cha kwanza cha Ulaya kilikua kwa kuzunguka kitabu hicho. Wahitimu wakarudi makwao na kuwa washauri wa wafalme.

Kutoka Bologna mstari ni mrefu lakini unafuatika. Mwaka 1804 Napoleon alitangaza kanuni ya sheria za kiraia ya Ufaransa, na kifungu chake cha 1382 kikasema kwa ufupi kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Wabelgiji wakaichukua. Mwaka 1888 Kongo, iliyokuwa wakati huo mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili, ilipewa sheria ya mikataba na wajibu ambayo kifungu chake cha 258 kinarudia maneno hayo karibu neno kwa neno. Wakili wa Goma au Lubumbashi anayedai fidia bado anakitaja kifungu hicho. Mwenzake wa Mombasa au Mwanza anafanya kazi katika mfumo mwingine, ule wa Kiingereza, ambao ulijengwa zaidi na hukumu za majaji kuliko na vitabu vya Justinian, ingawa misemo ya Kilatini haikosi mahakamani. Afrika Kusini ni kichekesho cha historia: Waholanzi waliipeleka sheria ya Kirumi huko, kisha Uholanzi yenyewe ikahamia kanuni mpya, na Afrika Kusini ikabaki na ile ya zamani. Hadi leo majaji wa huko huweza kumnukuu Ulpian.

Mali iliyotunzwa kwa jirani

Tumezoea kuambiwa Roma ilianguka mwaka 476. Mwaka huo kamanda Odoacer alimwondoa kijana aliyekuwa kaisari wa magharibi, Romulus Augustulus, na hakujisumbua kumweka mwingine. Lakini nusu ya mashariki, yenye makao yake Konstantinopoli, iliendelea karibu miaka elfu moja zaidi, hadi Mei 29, 1453. Watu wake walizungumza Kigiriki na wakajiita Warumi mpaka siku ya mwisho. Walioamua kuwaita kwa jina jingine, Wabizanti, ni wasomi wa Ulaya, tena baadaye, dola yenyewe ikiwa imeshakufa.

Kilichotokea magharibi ni kwamba watu waliacha kujua Kigiriki. Na sayansi yote, tiba, hesabu, falaki na sehemu kubwa ya falsafa, ilikuwa imeandikwa kwa Kigiriki. Watawa walinakili walichokuwa nacho kwa Kilatini, na bila wao tusingekuwa na mshairi Virgil wala msemaji Cicero, lakini sehemu kubwa ya maandishi ya mwanafalsafa Aristotle haikuwepo kwao.

Ilikuwa Baghdad. Katika karne ya 9, chini ya makhalifa wa Bani Abbasi, kutafsiri vitabu vya Kigiriki kuwa vya Kiarabu ilikuwa kazi yenye malipo mazuri na heshima kubwa. Bingwa wao alikuwa Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo wa kutoka al-Hira, Iraki. Ameacha maelezo yake mwenyewe kuhusu kitabu kimoja cha tabibu Galen alichokihangaikia: alikitafuta Mesopotamia, Shamu, Palestina na Misri hadi akafika Aleksandria, na alichoambulia ni karibu nusu yake tu, aliyoipata Damascus. Hapo ndipo uzi wenyewe ulipokuwa, mwembamba kiasi hicho.

Wasomi wa Kiislamu, Kiyahudi na Kikristo walioandika Kiarabu hawakuwa walinzi wa stoo. Walisahihisha, walibishana, waliongeza. Tabibu Ibn Sina aliipanga tiba ya Galen upya katika kitabu chake kiitwacho Kanuni. Ibn Rushd wa Cordoba aliandika fafanuzi za Aristotle ambazo zilipofika Paris, mwanateolojia Thomas Aquino alimwita yeye kwa kifupi "Mfafanuzi", kama alivyomwita Aristotle "Mwanafalsafa", bila haja ya kutaja jina. Mlango mkubwa ulikuwa Toledo, Hispania, mji uliochukuliwa na Wakristo mwaka 1085 ukiwa na maktaba zake za Kiarabu. Gerard wa Cremona alikwenda huko akitafuta kitabu kimoja cha falaki cha Ptolemaio. Alikaa, akajifunza Kiarabu, na alipofariki mwaka 1187 alikuwa ametafsiri kazi zaidi ya 70, Kanuni ya Ibn Sina ikiwemo. Vyuo vya tiba vya Ulaya viliifundisha hadi karne ya 17.

Galen huyohuyo alifika pwani yetu pia, kwa jahazi, ndani ya vitabu vya Kiarabu. Kwa nadharia yake, mwili una hali nne, moto na baridi, ukavu na unyevu, na ugonjwa ni kupotea kwa mizani kati yake. Bibi wa Mombasa au Unguja anayekukataza chakula cha baridi ukiwa na mafua, au anayesema miguu inamuuma kwa baridi yabisi, anazungumza tiba ileile iliyofundishwa Paris na Bologna. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba Ugiriki ni urithi wa Magharibi peke yake, huyo bibi ni ushahidi wa upande wa pili.

Mjukuu aliyejipa jina

Tufike kwenye demokrasia, maana huko ndiko kelele ziliko.

Athens kweli ilijitawala kwa namna ambayo hatujui mji mwingine wa zamani uliofikia kiwango hicho na kuacha kumbukumbu nyingi kama zake. Baada ya mageuzi ya Cleisthenes, mwaka 508 KK, raia wote wa kiume walikuwa na haki ya kwenda kilimani Pnyx kusikiliza, kuzungumza na kupiga kura juu ya vita, kodi na mikataba. Hawakutuma wabunge. Baraza la watu 500 lililoandaa ajenda lilipatikana kwa bahati nasibu, na hakuna aliyeruhusiwa kulikalia zaidi ya mara mbili maishani. Ili kuwapata wazee wa mahakama walikuwa na bamba la jiwe lenye safu za vitobo: kila raia anachomeka kibao chenye jina lake, vigololi vyeusi na vyeupe vinamiminwa kwenye mrija pembeni, na rangi ya kigololi kinachotoka inaamua safu ipi itakaa kusikiliza kesi na ipi irudi nyumbani. Jopo la mahakama lililomhukumu mwanafalsafa Socrates mwaka 399 KK linasemekana kuwa na watu 501.

Uchaguzi wa kura kama tunaoujua sisi, Aristotle aliuhesabu kuwa dalili ya utawala wa wachache, kwa sababu wanaochaguliwa huwa ni wenye majina na mali. Ukimleta leo siku ya uchaguzi mkuu Nairobi au Paris, huenda angesema demokrasia haipo hapa. Nawe ungemjibu kwamba kwenu wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na sauti kabisa. Wanahistoria hukadiria raia wa kiume wapatao 30,000 katika karne ya 4 KK, ndani ya jamii kubwa zaidi ya hapo mara kadhaa. Tangu sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK, hata uraia wenyewe ulihitaji baba na mama wote wawe Waathens.

Ujanja wa kisiasa nao ulikuwepo. Mara moja kwa mwaka raia waliweza kuamua kumfukuza mtu mmoja mjini kwa miaka kumi, bila mashtaka, kwa kukwaruza jina lake kwenye kigae cha chungu. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kisima karibu na Acropolis vigae kama 190 vyenye jina la Themistocles, shujaa aliyeiokoa Athens dhidi ya Waajemi. Walipochunguza miandiko, waligundua ni ya watu 14 tu. Kwa maneno mengine kuna kundi lililokaa likaandika kura mapema, tayari kuzigawa kwa wapita njia.

Mfumo huo ulizimwa na Wamakedonia mwaka 322 KK. Na hapa ndipo hadithi ya "tuliirithi kwa Wagiriki" inapokatika, kwa sababu kwa zaidi ya miaka elfu mbili hakuna aliyeuendeleza. Wasomi wa Ulaya walipoitaja demokrasia, kwa kawaida waliitaja kama onyo. Waliounda katiba ya Marekani mwaka 1787 walitazama Roma kuliko Athens. Roma ilikuwa na makonsuli, yaani viongozi wakuu, wawili wa mwaka mmoja, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake. Ilikuwa na seneti. Ilikuwa na matribuni, yaani watetezi wa watu wa kawaida, wenye kura ya turufu. Madaraka yaliyogawanywa ili yajizuie yenyewe, hilo ndilo walilolitaka. Makala za magazetini za kuitetea katiba hiyo zilitiwa sahihi kwa jina la Kirumi, Publius, na mmoja wa waandishi wake, James Madison, aliona kwamba hata kama kila raia wa Athens angekuwa Socrates, mkutano wao ungebaki kundi la vurugu. Seneti yao wakaipa jina la Kirumi na jengo lake jina la kilima cha Roma. Kenya iliporudisha Seneti kwa Katiba ya 2010, ilichukua chombo kilichopitia Washington na London, na cha Roma ndani yake kilikuwa zaidi jina.

Athens ilisafishwa jina baadaye sana. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni George Grote, Mwingereza aliyekuwa mwenye benki na mbunge, aliyeandika historia ndefu ya Ugiriki kati ya 1846 na 1856, wakati Waingereza wenyewe wakibishana nani apewe kura. Walipoanza kuitaka demokrasia, ndipo wakaenda kumtafuta babu.

Nguzo za mawe nazo ni zilezile. Unaziona Washington, unaziona mbele ya maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Zinatangaza uzito na umri ambao jengo halina. Na babu huyohuyo hukubali kuitwa na yeyote: kifurushi cha fimbo chenye shoka, alama ya mamlaka ya maafisa wa Kirumi, kimepamba ukuta nyuma ya kiti cha Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, na ndicho kilichokuwa nembo ya Mussolini.

Sanamu nyeupe na maktaba iliyoibwa

Madai mawili yanastahili jibu la moja kwa moja. La kwanza ni weupe wa sanamu. Sanamu za Kigiriki na Kirumi zilipakwa rangi: nywele, midomo, macho, nguo zenye mapambo. Mvua na udongo viliiondoa, na wapenzi wa sanaa wa karne ya 18 wakauchukulia weupe uliobaki kuwa ndio uzuri wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930, sanamu za Parthenon, hekalu la Athens, zilizoko British Museum zilikwanguliwa kwa vifaa vya shaba ili ziwe nyeupe zaidi. Weupe huo ni ladha ya Ulaya ya kisasa iliyobandikwa kwa watu ambao wangeuona kama kazi isiyokamilika.

La pili ni Misri. Kweli iko nyingi. Herufi za Kigiriki zilitoka kwa Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, na mwanahistoria Mgiriki Herodotus anakiri hivyo. Aristotle alisema hesabu zilianzia Misri. Kanuni ya pembetatu inayoitwa ya Pythagoras ilijulikana Babeli zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Walichoongeza Wagiriki ni tabia ya kudai uthibitisho: kwamba kanuni haitoshi kufanya kazi, lazima ionyeshwe kwa nini haiwezi kushindwa. Na Euclid, aliyeiweka tabia hiyo katika kitabu, kwa mapokeo alifundisha Aleksandria, kwenye udongo wa Afrika, mnamo mwaka 300 KK. Lakini lile dai linalozunguka WhatsApp, kwamba Aristotle aliipora maktaba ya Aleksandria na kuvifanya vitabu vyake, halisimami hata kwa tarehe. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 331 KK, Aristotle alifariki mwaka 322 KK, na maktaba ilijengwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemaio baada ya hapo.

Aristotle ana deni jingine, na hili ni la kweli. Aliandika kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile. Mwaka 1550, mjini Valladolid, mfalme wa Hispania aliitisha mdahalo kuhusu haki ya kuwapiga vita na kuwatawala wenyeji wa Amerika. Juan Ginés de Sepúlveda, msomi aliyemtafsiri Aristotle kwa Kilatini, alisimama na hoja hiyo: hawa ndio watumwa wa maumbile. Padre Bartolomé de las Casas alimpinga kwa siku kadhaa, akidai kwamba hata kwa vigezo vya Aristotle mwenyewe watu wenye miji, sheria na wafalme hawawezi kuingia katika kundi hilo. Jopo la mfalme lilisikiliza pande zote mbili na halikutoa uamuzi wa pamoja.